Mkono Mmoja

Ramani nimeipata maktaba, bure:
karatasi iliyokunjwa mara nne,
vitone vyekundu ishirini na viwili
na mshale unaosema anzia hapa.
Hapa ni nyuma ya stesheni, penye mapipa ya chupa.
Mvua ya Glasgow hainyeshi, inachungulia,
inakuja, inaondoka, inarudi,
kama mdai mwenye haya.

Leo sina zamu. Nimevaa viatu safi.

Namba moja, mwanamke wa ghorofa nne anamenya chungwa.
Ganda limeteremka mpaka mlangoni kwa dobi,
na watu wanaingia na mafurushi yao
wasijue wamepita chini ya ganda.
Nikahesabu kimoyomoyo, kifundi:
makopo arobaini, rola tatu, winchi,
siku tisa, kama hakuna upepo.
Na upepo hapa haukosi.

Namba mbili korongo. Namba tatu sikuipenda.

Namba nne nimekaa nayo.
Mzee analisha shomoro,
na ufa wa ukuta umemkata kiganja.
Mchoraji hakuuziba.
Ameuacha uwe mstari wa kiganja,
ule wanaousoma wapiga ramli.
Mimi ningeuziba. Ningechukua lipu na msasa,
ningeuziba vizuri sana, na ningekosea.

Kati ya nne na tano ramani haina kitu.
Mimi nina kitu.

Chini ya daraja la reli, mraba wa kijivu,
upana hatua mbili,
urefu mpaka ncha za vidole vyangu nikijinyoosha.
Huo ni wangu.
Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili alfajiri,
mimi na Lorna Petrie na gari la halmashauri
na ndoo ya kijivu kisichofanana na ukuta wowote mjini.

Kumbe nami nina maonyesho.
Mlango wa benki iliyofungwa: wangu.
Kisanduku cha umeme: wangu, na matone yamechuruzika, aibu.
Ngazi za kushukia mtoni, mraba juu ya mraba,
kijivu cha mwaka juzi na kijivu cha mwaka huu, haviivani.
Nimepaka nusu ya mji
na hakuna aliyenichapia ramani.

Namba saba haipo. Kuna hoteli.
Bibi mmoja na mbwa wake aliyevaa koti
akaniona nageuza karatasi juu chini.
"Umechelewa miaka miwili," akasema.
"Panda hapo kwenye ukingo. Inama kushoto. Zaidi."
Nikaona, katika mwanya wa kupitisha paka,
sikio, na nusu ya kicheko.
"Bado anacheka," nikamwambia.
"Ana lipi la kufanya," akajibu, akaenda zake.

Nane, tisa, kumi. Nikala mkate wa soseji, nimesimama.
Kumi na moja ilikuwa nzuri, nimeisahau.

Sikumaliza. Nilirudi darajani.

Niseme ukweli: Korogwe niliandika majina ya maduka
miaka kumi na minne, kwa brashi, bila rula,
na herufi inayompima fundi ni S.
A yeyote ataiandika. S inataka pumzi.
Pale ukutani palikuwa na jina, ESKO,
la mtoto wa mtu, usiku, kwa haraka, pengine kwa woga,
na S yake ilisimama
kama mtu aliyegeuka kuitika akiitwa.

Kazi mbaya si mchezo mwema, walituambia. Sawa. Nikapaka.

Lakini kijivu kile huhitaji mikono miwili,
wa pili ukipigwa wa kwanza ukishakauka.
Kila mpaka rangi analijua hilo.
Jioni hii, taa ya barabarani ikiupiga ukuta kwa ubavu,
herufi zinaonekana kwa ndani,
kama mifupa ya samaki kwenye mchuzi mwepesi,
na S ndiyo ya kwanza.

Nilipiga mkono mmoja.
Lorna aliangalia ukuta, akaangalia ndoo,
kisha akaenda kuwasha gari.